Ndege Nyekundu Iliyoinamisha Pua

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Cibalonza alipanga viatu vya watu wote wa nyumbani karibu na mlango, vikubwa kwanza, vidogo mwisho, vyote vikitazama nje. Kisha alinyoosha kalenda ukutani na kugeuza vikombe mezani mpaka vishikio vyake vyote vielekee upande mmoja. Hapo ndipo roho yake ilipotulia. Alichukua mfuko wake na kuteremka vijia vya mtaa wao wa Cimpunda pamoja na rafiki yake Martine, huku ziwa likimetameta mbali chini yao.

"Weye na kunyoosha kwako!" Martine alimtania. "Siku moja utapanda Kahuzi, unyooshe na mulima."

"Ule uko sawa," Cibalonza akajibu bila kucheka. "Nimeshautazama."

Cibalonza alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita. Baba yake alifanya kazi katika ofisi ya shirika la ndege, kwenye barabara kubwa ya mji wa Bukavu. Katika miaka ile ya Zaire watu wa ofisini waliitana "citoyen", yaani raia, na huko baba yake aliitwa Citoyen Mushagalusa. Nyumbani alikuwa Papa, basi.

Ukutani mwa ofisi ile palikuwa na ubao ambao Cibalonza aliupenda kuliko kitu chochote mjini. Juu yake ziliandikwa siku za wiki, na chini ya siku zilining'inia ndege mbili za mbao, zilizochongwa vizuri na kupakwa rangi. Ndege ya buluu ilikaa chini ya Jumatano, ndege nyekundu chini ya Jumamosi. Hizo zilikuwa alama za ndege mbili kubwa za shirika, zile zilizotoka Kinshasa na kuvuka jangwa na bahari hadi Ulaya. Abiria wa Bukavu walipanda kwanza ndege ndogo katika uwanja wa Kavumu, wakazikuta zile kubwa huko Kinshasa.

Jumatatu moja, masomo yalipokwisha, mama yake alimpa gameli, chombo cha bati chenye kifuniko, iliyojaa bugali na sombe ya majani ya muhogo, ampelekee baba. Ofisini hakumkuta. Papa alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Kavumu, na msaidizi wake, Citoyen Bisimwa, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kwa mlango wa nyuma, alikuwa chumba cha nyuma akipanga mizigo. Cibalonza aliweka gameli mezani, akainua macho kuutazama ubao. Mara alikunja uso. Ndege nyekundu ilikuwa imeinama, pua chini na mkia juu, kama kuku aliyefungwa miguu akipelekwa sokoni.

"Nani ameiacha hivi?" alinong'ona.

Alipanda juu ya kiti, akarekebisha kamba, akainyoosha ndege mpaka mabawa yake yakawa sawasawa na yale ya ndege ya buluu. Aliteremka, akafuta kiti kwa kiganja, akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema bila kuombwa.

Jioni, familia ilipokuwa mezani, Papa alionekana mchovu.

"Mama Cibalonza, wiki hii ni ngumu," alisema. "Asubuhi Kinshasa wametuita kwenye foni, ile redio ya ofisini. Ile ndege nyekundu imelala."

"Imelala namna gani?" mama aliuliza.

Papa alisogeza sahani yake, akaweka vijiko viwili katikati ya meza, kwa maana alipenda kueleza jambo mpaka lieleweke. "Tuna ndege kubwa mbili tu. Hazikai bure hata kidogo. Ikifika Ulaya, inashusha watu, inasafishwa, inatiwa mafuta, inapakia wengine, inarudi. Rubani anapumzika, lakini ndege haipumziki. Ndiyo maana, ikishakaa angani saa nyingi zilizowekwa, sheria inaamuru ipelekwe karakana, ifunguliwe vyuma, ichunguzwe. Hapo imelala." Aliondoa kijiko kimoja. "Sasa hii moja ifanye kazi ya mbili. Haiwezi. Kwa hiyo wakubwa wa Kinshasa wanauliza: njia gani ina watu wengi zaidi? Njia gani inaweza kungoja? Wanaipa ndege iliyobaki safari ya Jumatano, na safari ya Jumamosi inafutwa. Nasi huku na ndege yetu ndogo tunaifuata ile kubwa kama ndama anavyomfuata ng'ombe. Ng'ombe akigeuka, ndama naye hugeuka."

"Na watu wa Jumamosi?"

"Wanahamishiwa Jumatano. Viti vyao vimeshikwa, lakini lazima tuthibitishe kwa foni kabla ya kesho jioni. La sivyo vinapewa wengine. Sikupata kumwambia Bisimwa: gari la Kavumu lilikuwa linanipigia honi, naye zamu yake ni ya mchana. Lakini nilishusha pua ya ndege nyekundu pale ubaoni. Ndiyo alama yetu: ikitazama chini, imelala. Akiona hivyo, anajua la kufanya."

Cibalonza alipaliwa na tonge la bugali.

"Kunywa maji, mwanangu," Papa alisema, akampigapiga mgongoni. "Na asante kwa chakula. Nilikikuta jioni nilipopita ofisini kuacha funguo, umeme umekatika. Hata gizani gameli niliikuta imenyooka katikati ya meza! Laiti kila mtu angekuwa na mpango kama wewe."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini sifa ile ya baba ilikuwa tamu, na aibu ilikuwa kali, naye akajiambia: "Citoyen Bisimwa atakuwa amesikia kwenye foni yeye mwenyewe. Au Papa ataona kesho." Akaomba ruhusa kwenda kulala, na usiku kucha alijigeuza kitandani.

Kesho yake Papa aliondoka tena moja kwa moja kwenda Kavumu bila kupitia ofisini. Shuleni Cibalonza alikosea hesabu rahisi, hata mwalimu akamuuliza kama alikuwa na homa. Akirudi nyumbani alimkuta jirani yao, Maman Rosalie, akifua nguo karibu na bomba la mtaa. Mwanawe Placide, mtoto wa miaka saba, alikuwa amechuchumaa kando yake. Placide hakuweza kupanda kijia cha Cimpunda mara moja kama watoto wengine. Kila baada ya hatua chache alichuchumaa apate pumzi, na midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Alizaliwa na tundu moyoni. Mapadri wa parokia walikuwa wamemtafutia daktari huko Ubelgiji.

"Cibalonza, mutoto wangu, angalia!" Maman Rosalie aliinua shati dogo jeupe lililotiririka maji. "Hii ndiyo atavaa ku ndege. Jana nilipita kwa ofisi ya papa yako. Citoyen Bisimwa aliangalia kwa ubao, akaniambia: 'Jumamosi iko sawa, Maman, usikuwe na wasiwasi.' Na docteur anamungoja Lundi, ile Jumatatu inakuja. Wakisha mupasua, atakuwa anakimbia sawa weye."

"Nitakupita mbio," Placide alisema kwa sauti nyembamba. "Na Martine vilevile."

Cibalonza alihisi ardhi ikitelemka chini ya miguu yake, kama udongo wa Cimpunda wakati wa masika. Jumamosi hakukuwa na ndege. Ndege ndogo ya kuifuata ile ya buluu ingeondoka Kavumu kesho asubuhi, na Placide hangekuwemo. Daktari angemngoja bure.

Alitupa mfuko wake mlangoni kwa mama, akakimbia. Hakungoja kuulizwa.

Ofisini alimkuta Citoyen Bisimwa peke yake, akifunga madirisha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri na uso usiopenda mchezo.

"Papa yako iko Kavumu bado," alisema bila kugeuka.

"Citoyen, ndege nyekundu imelala. Hakuna safari ya Jumamosi."

Bisimwa aligeuka, akautazama ubao, akamtazama yeye. "Imelala? Si hii imesimama? Kumbe siku hizi watoto ndio wanatufundisha kazi!"

"Ni mimi niliyeisimamisha." Cibalonza alielekeza kidole ubaoni. "Papa alishusha pua ya ndege hii jana asubuhi. Nilileta chakula, nikaona imekaa vibaya, nikainyoosha. Jioni nilisikia maana yake, nikanyamaza. Maman Rosalie anafikiri atasafiri Jumamosi. Citoyen, tafadhali, uulize Kinshasa."

Uso wa Bisimwa ulibadilika. Hakumkaripia. Alikwenda kwenye foni kwa hatua mbili, akavuta kiti, akaanza kuita. Foni ilikoroma na kupiga miluzi. Aliita tena. Cibalonza alisimama akishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Kinshasa, hapa Bukavu. Nathibitisha abiria wawili wa Jumamosi waliohamishiwa Jumatano. Mama na mutoto mugonjwa. Jibu."

Mkoromo mrefu. Kisha sauti ya mbali, kama ya mtu aliye ndani ya pipa: "Bukavu, mmechelewa sana. Tulikuwa tunataka kuvitoa viti vile sasa hivi. Majina?"

Bisimwa alitaja majina, polepole, herufi kwa herufi. Kinshasa ikajibu kwamba viti vimethibitishwa, naye akajifuta jasho kwa leso. Gari la Kavumu lilisimama nje wakati uleule, na Papa akaingia akiwa na vumbi mabegani. Alimtazama binti yake, akamtazama msaidizi wake, akautazama ubao.

Cibalonza alieleza tena yote. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Papa alirudi mlangoni. Kwanza alimtuma dereva apande Cimpunda akamwambie Maman Rosalie kwamba safari ni kesho, na shati la Placide likaushwe kwa pasi. Kisha aliinua mkono, akainamisha pua ya ndege nyekundu. Ndipo alipoketi.

"Mwanangu," alisema, "umekosa mara mbili, na makosa hayo hayalingani. La kwanza ni la mikono. Uliona kitu kimeinama, ukadhani kimeharibika, ukakinyoosha bila kuuliza. Unapenda mpango, nami ninaupenda, lakini mpango wa mwenzako unaweza kufanana na fujo mpaka akueleze. Kosa hilo tumelishiriki: alama ile tuliijua mimi na Bisimwa tu, na sikuandika hata neno moja chini yake. La pili ni la mdomo uliofungwa. Jana mezani neno moja lako lingetosha. Leo imebidi ukimbie, na nusura mbio hizo zisifae kitu. Ukweli ni kama kiti cha ndege: ukichelewa kuuthibitisha, nafasi inapotea, na anayebaki chini si wewe bali ni mwingine."

"Lakini amekuja," Bisimwa alisema kutoka dirishani. "Watu wazima wengine hawangekuja, Citoyen Mushagalusa."

"Amekuja," Papa alikubali. "Nisingekuwa baba kama nisingelisema hilo pia."

Asubuhi iliyofuata, darasa zima lilisikia mngurumo wa ndege ndogo juu ya ziwa. Cibalonza aliweka kalamu chini mpaka ulipotoweka, na mwalimu, ambaye hakujua lolote, alimwacha.

Miezi ilipita. Siku moja ya kiangazi Papa alimpeleka ofisini akamwambia atazame ubao. Ndege nyekundu ilikuwa bado imeinama, na chini yake kibandiko kipya kilisema: PUA CHINI, IMELALA. Cibalonza alinyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani.

"Papa, imeamka?"

"Imeamka. Imetua Kinshasa jana, na leo asubuhi ndege yetu ndogo imefika Kavumu. Na unajua ilimbeba nani?"

Cibalonza hakungoja kuambiwa. Alipanda kitini, akainyoosha ile ndege, akashuka, akakimbia hadi Cimpunda. Pale kwenye kijia, akiwa na shati jeupe lililoanza kumbana mabegani, Placide alikuwa akipanda kilima bila kuchuchumaa, na Martine nyuma yake akimpigia kelele amngoje.