Hedifoni za Pimamaji

Chumba kilikuwa kimoja, na pazia lilikigawa mara mbili. Upande wa dirishani alilala Pimamaji. Upande wa pili alilala mkwewe, mlinzi wa ghala, ambaye kazi yake ilikuwa ya usiku na usingizi wake wa mchana. Mlangoni, penye mwanga, alikaa mke wa mlinzi na cherehani yake. Alikuwa mshonaji, na Pimamaji alikuwa baba yake mzazi.

Jina la Pimamaji walimpa mafundi wenzake. Alikuwa mwashi, na kuta zake zilinyooka kama uzi hata bila kifaa cha kupimia. "Ya nini kubeba pimamaji," walikuwa wakitania, "na mzee mwenyewe yupo?"

Siku moja kiharusi kilimwangusha akiwa kazini. Hakufa. Lakini upande wake wa kulia ulipooza, na ulimi nao ukafungwa. Alibaki na mkono wa kushoto, macho yake, na muziki.

Muziki ulitoka kwenye kiredio kidogo cha kadi. Kilijaa nyimbo za dansi za ujana wake. Kilipolia, vidole vya mkono wake mzima vilicheza juu ya shuka. Tatizo ni kwamba kilipolia, mlinzi naye aliamka. Mlio wa cherehani alikwisha kuuzoea. Tarumbeta hakuzizoea.

"Mke wangu, nitasinzia lindoni," alisema siku moja, macho yamemwiva. "Wakinikuta nimelala, kazi imekwenda. Tutakula nini?"

"Na baba nimnyang'anye muziki? Amebakiwa na nini kingine?"

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Basi mshonaji akaenda kwa mchuuzi wa barabarani, akanunua hedifoni za kupachika ndani ya tundu la sikio. Vichwa vyake vilikuwa vya plastiki ngumu. Hakuzijaribu. Alichukua zilizokuwa rahisi kuliko zote, akarudi nyumbani amefurahi.

Mwanzoni nyumba ilitulia. Mlinzi alilala fofofo. Mzee alilalia ubavu wa kushoto, akitazama dirishani, na nyimbo zake masikioni.

Kisha akaanza kuzichomoa. Mshonaji alizirudisha. Akazichomoa tena, akazitupa. Mshonaji alipoinama kumpachika, mzee alimzaba kofi.

Mshonaji alishika shavu lake, asiamini. Baba huyu hakuwahi kumpiga hata utotoni, ingawa binti alikuwa mtundu kupindukia.

"Kiharusi kinakula na akili," mlinzi alisema kwa upole. "Mzee wetu anatuacha taratibu."

Siku iliyofuata mzee alikivuta kiredio chenyewe, kikaanguka sakafuni. Bahati hakikuvunjika. Mshonaji na mumewe walitazamana. Kisha mshonaji akachukua kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya kushonea, akaufunga mkono wa baba yake kwenye ubao wa kitanda.

"Ni kwa faida yako, baba," alisema, akampachika hedifoni.

Mzee hakupigana tena. Alitazama dari. Machozi yalimtiririka, na mshonaji akadhani ni nyimbo zinamkumbusha mbali.

Jirani yao mmoja alifanya kazi ya kupokea simu katika kampuni ya mabasi. Kutwa nzima alijibu abiria waliopotelewa na mizigo. Watoto wa mtaa walimwita Dada Halo. Alikuja kupunguziwa sketi ya kazini, akaingia kumjulia hali mgonjwa.

"Mama, mkono huu umefungwa kwa nini?"

"Anatupa hedifoni, dada. Amekuwa mkali. Hata mimi amenipiga."

Dada Halo alisogea karibu na mto, akakunja pua. "Kuna harufu hapa. Umetazama sikio lake?"

Mshonaji alichomoa hedifoni ya kushoto. Ilitoka na usaha na damu. Mzee alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kama ya mnyama.

Mshonaji aliharakisha kukifungua kile kitambaa. Fundo lilikuwa gumu. Alikuwa amelifunga vizuri mwenyewe, kama afungavyo kazi zake zote.

Kwenye zahanati, walikompeleka wote wawili, muuguzi alilisafisha sikio kwa utulivu. "Plastiki ngumu imemchubua," alisema, "na kwa kulalia ubavu, mto umekuwa ukiisukuma ndani kila siku. Kidonda kimeingia uchafu. Sasa ngoma ya sikio imetoboka."

"Itapona?"

"Kidonda kitapona akimaliza dawa. Usikivu wa sikio hili, sitakudanganya. Mwingi umekwenda." Alimtazama mshonaji. "Usitie kijiti wala mafuta humo ndani. Maji yasiingie. Na asivae kitu chochote masikioni mpaka nilione limekauka."

Walipofika nyumbani mshonaji alimgeukia jirani yake.

"Alikuwa ananiambia, dada. Kila siku alikuwa ananiambia kwa mkono ule. Na mimi nikaufunga."

Dada Halo hakumwambia asilie. Alikaa naye mpaka alipomaliza.

Sikio lilipokauka na muuguzi kuridhika, walikwenda dukani pamoja. Muuzaji aliwatolea hedifoni kubwa nyeusi zinazong'aa. "Hizi ndizo zinazotamba mjini! Besi mpaka moyoni!"

Dada Halo alizipima mkononi. "Hizi ni tofali, kaka. Zitamvunja mgonjwa shingo. Tupe nyepesi." Akamgeukia mshonaji. "Mimi huvaa hedifoni kutwa kazini, kwa hiyo nimejifunza kwa maumivu. Tafuta zenye mito laini inayokaa nje ya sikio. Isiingie kitu ndani. Utepe wa kichwani uongezeke na upungue."

Mshonaji alibonyeza mto kwa dole gumba, kama anavyopima sponji ya mabega ya koti. "Huu mgumu."

"Basi uache. Jaribu ule. Uvae, na usivue upesi. Kitu kikibana, mwanzoni husikii maumivu. Subiri."

Mshonaji alivaa, akasubiri. Jozi moja ilimfanya aumwe nyuma ya masikio, akairudisha. Nyingine ilikaa kama kofia. Haikuwa na jina kubwa wala rangi ya kupendeza, na bei yake waliimudu. Walichomeka pini kwenye kiredio walichokuja nacho, kuona kama inaingia sawasawa. Walisikiliza pande zote mbili. Walivuta waya kukadiria kama nyumbani utafika kutoka mezani hadi kitandani.

"Zikimkataa mzee, nazirudisha," alisema Dada Halo.

"Zikiwa safi, leteni," muuzaji alikubali.

Nyumbani walimketisha mzee kwa mito mgongoni. "Asilale nazo," Dada Halo alionya. "Ukishamvalisha, sema naye kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, punguza muziki. Na umvue mara kwa mara masikio yapumzike."

Mzee alipoziona, alijikunyata. Mkono wake ulipanda kujikinga uso.

Mshonaji alipiga magoti. "Baba, ukizikataa sitakulazimisha. Ukizitupa, nitaziokota na kuzirudisha dukani." Akaziweka kwenye kiganja chake, akangoja.

Mzee alizibonyeza kwa muda mrefu. Hatimaye akainamisha kichwa. Binti alimvalisha, akawasha kiredio kwa sauti ya chini.

"Unanisikia, baba?"

Mzee alifumba macho, akafumbua. Anasikia. Kisha akaushika mto wa kushoto, wa lile sikio lililokufa, akaugeuza nje. Akamvuta binti yake kwa bega. Mshonaji aliegemeza sikio lake hapo, kichwa kwa kichwa na baba yake. Tarumbeta zilikuwa zimeanza. Nyuma ya pazia mlinzi alikoroma bila kuamshwa na mtu.

Mzee aliishi mpaka mvua za mwaka ule, akafariki mchana, amelala, kiredio kimezimwa. Kwa miezi hiyo yote hakumpiga mtu tena.

Baada ya msiba alikuja mteja mmoja kuchukua gauni lake. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na alitaka kumnunulia hedifoni. Aliuliza zipi ni nzuri.

Mshonaji alimweleza yote: mito, uzito, waya, sauti. Mteja aliaga. Alipofika uani mshonaji alimfuata.

"Ukimvalisha, usiangalie hedifoni," alisema. "Mwangalie yeye usoni."