Nyota na Zamba

Kila asubuhi kabla ya masomo, Noella alikwenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa wao wa Kilibula, mjini Uvira. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia bidoni yake aliposikia sauti ya Délice, msichana wa darasa lake, nyuma yake kwenye foleni.

"Noella, eti kuna harusi Makobola. Mama yako atapiga picha na nini? Na sufuria?"

Wasichana wote wakaangua kicheko. Noella alihisi masikio yakimchoma. Aliivuta bidoni kabla haijajaa, akaondoka kwa hasira huku maji yakimwagikia miguuni.

Mama Capitoline, mama yake, alikuwa mpiga picha. Ubatizo, komunyo, harusi, watu wa Kilibula walimwita yeye. Lakini msimu wa mvua uliopita ziwa lilipanda hadi ndani ya nyumba, na maji ya matope yakaiingia kamera yake. Tangu hapo kazi ilikuwa imesimama. Midomo ya watu haikusimama.

Siku hiyohiyo mchana, mjomba Protais, mdogo wake mama, alifika kutoka safari zake za biashara. Aliweka maboksi mawili mezani.

"Dada, simu za siku hizi zinapiga picha kama kamera," alisema. "Hizi mbili ndizo zinazoshindana sokoni. Hii inaitwa Nyota, na hii Zamba. Chagua moja, ni zawadi yako. Nyingine nitampelekea mteja wangu Bukavu."

Noella hakuhitaji kufikiri. Nyota ilikuwa nyembamba, mgongo wake uking'aa kama kioo. Ilikuwa sawasawa na simu ambayo dada wa Délice alikuwa akitembea nayo mkononi ili kila mtu aione. Zamba ilikuwa nene, nyeusi, nzito.

"Nyota, mama! Chukua Nyota!"

"Zamba," akasema kaka yake, Chadrack. "Batri yake iko kubwa. Nimesikia watu wakiisifu."

"Hilo tofali? Weye unajua nini juu ya picha?"

"Na weye unajua nini? Unataka tu kumringia Délice!"

Noella akamrukia. Chadrack akamsukuma, kiti kikaanguka, na mama akapiga meza kwa kiganja.

"Basi! Miye sichagui kwa makelele. Jumapili mnakwenda Luberizi kwa ubatizo wa mtoto wa shangazi yenu. Noella, jicho lako la picha nililifundisha mwenyewe. Utabeba simu zote mbili, zikiwa zimejaa chaji. Kila picha utaipiga kwa simu hii na kwa ile. Ukirudi, utaniambia ukweli, nami nitachagua."

"Kwa nini yeye?" Chadrack alinung'unika.

"Kwa sababu ninamwamini," mama akajibu.

Jumapili, jua la Luberizi lilikuwa kali juu ya mashamba ya mpunga. Baada ya misa, Noella alipiga picha za wazazi, za mtoto aliyevikwa nguo nyeupe, za wajomba na mashangazi waliojipanga mbele ya nyumba. Picha za kwanza za simu zote mbili zilikuwa nzuri. Halafu Nyota ikaanza kuwa ya moto mkononi. Kioo chake kikafifia. Mwishoni ikakataa kabisa kupiga, ikabidi aiweke kivulini ipoe. Zamba iliendelea na kazi kana kwamba jua si kitu.

Badala ya kufurahi kwamba ameupata ukweli, Noella alikasirika. Alikasirikia jua. Alimkasirikia Chadrack, ambaye angecheka mpaka Krismasi. Alimkumbuka Délice kwenye bomba, na kile kicheko. Akasema moyoni kwamba hatakubali kurudi nyumbani na lile tofali.

Alizunguka nyuma ya jiko, mahali shangazi alipokuwa akipika sombe ya majani ya muhogo. Alichovya kidole gumba kwenye bakuli la mafuta ya mawese, akakipitisha juu ya lenzi ya Zamba. Kisha akawasha taa ya simu hiyo na kuiacha ikiwaka ndani ya mkoba ili imalize chaji. Picha za alasiri, zile za Zamba, zilitoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Zile nzuri alizozipiga kwanza kwa Zamba akazifuta. Kabla ya kupanda gari la kurudi Uvira, aliifuta lenzi kwa kitenge chake mpaka ikang'aa.

Nyumbani, mama alizitazama picha moja moja.

"Hizi za Zamba mbona zina ukungu?"

"Ndivyo inavyopiga, mama. Na chaji yake imekwisha kabla ya Nyota."

"Na Nyota haikukusumbua?"

"Hapana."

"Uongo!" Chadrack akadakia. "Niliona Nyota imelala kivulini kama mgonjwa!"

"Weye ulikuwa unakula wali! Uliona nini?"

"Chadrack, nyamaza," mama akasema. "Nimemtuma yeye. Ninachukua Nyota."

Asubuhi yake mjomba Protais akapanda kwenda Bukavu na Zamba. Noella aliipita foleni ya bomba akiwa ameinua kichwa, na Délice akajifanya hamwoni.

Jumamosi ikawa harusi ya Makobola, kando ya ziwa, na Noella akaenda na mama yake. Bibi harusi aliitwa Ninahazwe. Bibi yake mzaa mama alikuwa ameteremka kutoka milimani, mzee sana, ameshikwa mkono huku na huku, ili ambariki mjukuu wake kabla hajaondoka kwao.

Kanisani Nyota ilifanya kazi vizuri. Lakini watu walipotoka kwenda ufukweni, jua likaipata. Bibi mzee aliinua mikono yake miwili, akaiweka juu ya kichwa cha mjukuu wake, akaanza kusali. Vigelegele vikanyamaza. Mama Capitoline akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena. Akaifunika kwa kitambaa chenye maji, akaipepea. Ilipowaka, sala ilikuwa imekwisha na bibi amekwisha kaa. Kabla keki haijakatwa, chaji nayo ikaisha.

Marie-Jeanne, shangazi wa bibi harusi, akamjia mbiombio.

"Weye uko mpiga picha wa namna gani? Bibi huyu ameteremka mlima mzima kwa ajili ya picha ile! Utatuambia nini? Sema!"

Mama aliibana Nyota kifuani. Alisimama mbele ya watu wote, kichwa chini, akisemwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Noella alikuwa hajawahi kumwona hivyo. Alitaka kumpigia kelele yule shangazi, kumwambia amwache mama yake. Alifungua kinywa. Kila neno lililomjia lilikuwa la uongo, isipokuwa moja tu, na hilo hakuthubutu kulisema.

Garini, wakirudi Uvira, mama alikuwa akiigeuzageuza ile simu. "Nashangaa. Kule Luberizi ilifanya kazi siku nzima."

"Simu yenyewe ni mbovu!" Noella akafoka. "Mjomba alitudanganya!"

Mama akageuka taratibu. "Protais?"

"Ndiyo. Alijua."

Mama akatoa simu yake ndogo ya zamani na kumpigia ndugu yake palepale. Noella alikuwa hajawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Umeniletea takataka! Umeniaibisha mbele ya watu! Usikanyage tena kwangu, Protais, umenisikia?" Sauti ya mjomba ilisikika kwa mbali, ndogo, ikiapa kwamba hajui lolote. "Usiniapie!" mama akapiga kelele, na abiria wote wakageuka kutazama.

Noella akaushika mkono wa mama.

"Mama, mwache. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akasema yote: jua, mawese, picha alizozifuta, taa ndani ya mkoba. Alisema akilia, na bado alikuwa na hasira, ila sasa hasira yenyewe ilikuwa imemgeukia yeye. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, na Noella alitamani ampige. Alirudisha simu sikioni. "Protais, nisamehe," alisema kwa sauti iliyokauka. Kisha akageukia dirisha mpaka Kilibula.

Mteja wa Bukavu alikuwa bado hajaichukua Zamba. Mjomba Protais aliirudisha mwenyewe. Hakumkaripia Noella, ila hakumsalimu kwa utani kama alivyozoea, na hilo lilimuuma zaidi.

Mama na Noella wakarudi Makobola, maana bibi mzee alikuwa bado kwa wajukuu wake akipumzika, na Ninahazwe alikuwa amekuja kumwangalia. Mlangoni mama akasema, "Mimi sisemi. Sema wewe." Noella akasimama mbele ya Ninahazwe, mbele ya Marie-Jeanne na bibi, akaeleza. Marie-Jeanne alifoka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Noella hakujitetea.

"Kwa nini ulifanya hivyo, mtoto?" bibi akauliza.

"Nilikuwa na hasira, bibi. Walikuwa wananicheka."

Bibi alimtazama sana. Kisha akamwambia Ninahazwe akavae gauni lake.

Wageni walikuwa wamekwenda, na keki iliyokatwa haikatwi tena. Lakini chini ya jua lilelile bibi aliiweka mikono yake juu ya kichwa cha mjukuu wake akasali upya, na Zamba ikapiga bila kuchoka. Marie-Jeanne aliitazama picha ile muda mrefu. "Haya," akasema hatimaye, bila kucheka.

Nyumbani, mjomba Protais aliichukua Nyota. "Si simu mbaya," alisema. "Mteja wangu yuko mtu wa ofisini, hasimami juani. Itamfaa."

Chadrack alikuwa ameketi mlangoni. Noella akamwendea. "Ulisema kweli, nami nikakupinga," alimwambia. Chadrack aliinua mabega tu, akamsogezea kiti.

Ndipo mama akaongea.

"Noella, kuipenda Nyota hakukuwa kosa. Kukasirika pia si kosa. Hata mimi wakinicheka ninakasirika. Kosa lako ni kwamba nilikuamini uwe macho yangu, nawe ukayafumba. Mtu aliyedanganywa hawezi kuchagua, hata akiwekewa vitu viwili mbele yake. Na umeona mwenyewe: uongo ulianza kwa simu, ukafika kwa bibi wa watu, karibu unitenge na ndugu yangu. Hasira ya kuchekwa na Délice ingekwisha kwa wiki moja."

"Hutaniamini tena, mama?"

Mama aliifuta lenzi kwa kitenge chake. Kisha akaiweka Zamba mikononi mwa Noella.

"Kaa hapa. Pitia picha zote za leo, unionyeshe zilizoharibika," akasema. "Uniambie hata zile nilizoziharibu mimi."