Usinambie Nitazoea

Jioni ya kuamkia sikukuu, duka la miwani la Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Muscat, lilijaa watu hata mlango ukawa haufungiki. Watoto walijaribu miwani ya jua wakazozana kwenye vioo. Wanawake waligeuza shingo huku na huku, na harufu ya udi kwenye abaya zao ikachanganyika na ubaridi wa kiyoyozi. Nyuma ya kaunta alisimama Ruqaya, mpimaji macho wa duka hilo, abaya yake rangi ya majani mabichi na shela imemteleza kidogo kwa kazi ya kutwa nzima.

Katikati ya zahama ile alikuwapo kijana mrefu, kanzu yake nyeupe haina hata kunyanzi moja, kofia yake imetariziwa uzi wa zambarau, na mkononi amemshika mama yake. Alikuwa akingojea zamu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na zamu. Kila aliyeingia alimpita, na kila alipopitwa yeye ndiye aliyesema samahani.

Ruqaya alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Kaka," alimwita, "hapa usipojitia mbele Idi itakukuta hapo mlangoni."

"Nnangojea zamu yangu."

"Zamu imekwisha zamani. Umetokea wapi wewe?"

Mama ndiye aliyejibu. "Uingereza, mwanangu. Alikwenda na akili zake, karudi na samahani."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka zaidi kuliko wote. Ndipo Ruqaya alipoona kwamba ana mwanya, na kwamba macho yake yanacheka kabla ya mdomo. Akawapisha, akampima macho yule mama, Bi Kheiria, taratibu kama kwamba duka halina mtu mwengine.

Kijana huyo aliitwa Suud. Alikuwa mhandisi katika kiwanda kinachotengeneza mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, huko Hull, mji wa bandari kaskazini ya Uingereza, na alikuja nyumbani kwa likizo ya sikukuu tu. Miwani ya mama ilipokuwa tayari aliifuata mwenyewe. Kesho yake akairudisha, akidai skrubu imelegea. Keshokutwa akasema inambana mama puani. Peninah, Mkenya aliyekuwa akiuza fremu pale dukani na kula chakula cha mchana na Ruqaya kila siku, aliichukua ile miwani, akaigeuzageuza, akairudisha mezani.

"Miwani iko sawa," alimwambia Ruqaya baada ya Suud kuondoka. "Ni huyu kijana hayuko sawa. Na wewe pia, naona."

Mambo hayakuchelewa. Bi Kheiria alimtafuta Bi Hamdiya, mama yake Ruqaya, na kumbe wote wawili ni watu wa Unguja kwa asili, shangazi zao walisoma chuo kimoja cha Kurani mtaa wa Malindi. Posa ikapelekwa, ikajibiwa. Ijumaa moja kabla ya Suud kurudi kazini, familia mbili zikaenda pwani ya Qantab na birika la chai na sinia la sambusa. Mama wawili walikaa kivulini, na wachumba wakaruhusiwa kutembea ufukweni, mbali kiasi cha kutosikika lakini si cha kutoonekana.

Suud alikunja kanzu yake mpaka magotini, akamweleza Ruqaya jinsi Waingereza wanavyokuuliza hujambo huku wanapita zao. Mwanzo, alisema, alikuwa akisimama kuwajibu: mimi mzima, alhamdulillah, mama ana homa kidogo, wewe je? Akigeuka, mtu keshafika mwisho wa njia. Ruqaya alicheka mpaka akakaa juu ya mchanga.

"Na mimi wataniuliza wakapita?"

"Wewe watasimama," Suud alisema. "Nani atakupita wewe?"

Walikubaliana ndoa iwe likizo yake inayofuata, kisha Ruqaya amfuate Hull. Akaondoka.

Kwa miezi wakaishi kwenye simu. Suud alipiga wakati wa chakula chake cha mchana, ambao Muscat ulikuwa saa ya Ruqaya kufunga chumba cha kupimia. Yeye alimwita Suud "Mwingereza wangu", na Suud akamwita "daktari wangu" ingawa alijua si daktari. Alimsimulia mapipa ya taka ya rangi mbalimbali, na jirani mzee aliyebisha hodi kumweleza, kwa upole mkubwa kabisa, kuwa ameweka chupa kwenye pipa la karatasi. Alimsimulia mvua isiyonyesha wala kukatika. Kila kitu kilikuwa kichekesho.

Ruqaya alicheka, kisha simu ikikatika alibaki na simu mkononi. Alikuwa hajamwambia mtu kwamba anaogopa. Aliogopa kumwacha mama yake, anayekaa peke yake siku nyingi. Aliogopa kuwa mgeni, mtu anayepitwa njiani. Siku moja alimuuliza Suud kama aliwahi kulia kule. Suud akacheka. "Nilie nini, habibti? Huku raha tupu." Jibu lile halikumtuliza. Lilimfanya aone kwamba, akifika, atakayelia ni yeye peke yake.

Tena kulikuwa na jambo la baba yake. Baba alikuwa akifanya kazi Abu Dhabi Ruqaya alipokuwa mdogo, na nyumba yake ya pili ilijulikana kwa sauti ya mwanamke kwenye simu, akimwita baba aje kula. Bi Hamdiya siku ile aliweka simu chini akaendelea kukanda unga. Ruqaya alikuwa pale jikoni.

Basi alasiri moja, Suud akiwa katikati ya kumweleza habari za nyumba aliyoipata karibu na bustani, Ruqaya alisikia mwanamke akisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya karibu iliyojaa mazoea: "Haya mpenzi wangu, nimekuwekea cha moto."

Na Suud akajibu kama mtu aliyezoea: "Ahsante, mpenzi."

"Nani huyo?" Ruqaya aliuliza.

"Wa kantini tu. Basi hiyo nyumba, habibti, ina dirisha kubwa..."

Ruqaya alisema mteja amekuja. Hakuna mteja aliyekuja. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, taa ya kupimia ikimmulika usoni, na akaliona jiko la zamani na mikono ya mama yake imejaa unga.

Suud alipiga usiku ule na siku zilizofuata. Mara ya kwanza Ruqaya alisema ana kazi, mara ya pili anaumwa kichwa, kisha hakupokea tena. Mwisho akamwandikia ujumbe mfupi: amefikiri sana, safari ile hataiweza, na Suud asimngojee. Jina la mwanamke yeyote hakulitaja. Bi Kheiria alikuja nyumbani kuuliza kulikoni, akakaa akanywa kahawa, na akaondoka bila ya jibu, macho yamemwiva nyuma ya miwani. Bi Hamdiya alimwambia binti yake neno moja tu: kama ni kwa sababu yangu mimi, usifanye.

Ruqaya alisema si kwa sababu yake. Alikonda. Peninah alimletea chapati kila siku na hakumuuliza kitu, na hilo kwa Peninah halikuwa jambo dogo.

Ilikuwa asubuhi ya watu wachache alipoingia dukani bibi mmoja wa Kiingereza, nywele nyeupe kama pamba, gauni la maua, aliyekuja Muscat kumtazama binti yake. Mkono wa miwani yake ulivunjika. Bawabu alimfungulia mlango, na bibi akamwambia ahsante mpenzi. Peninah alimpa kiti: ahsante mpenzi. Ruqaya alipoitengeneza miwani akamvisha, bibi yule alimpapasa mkono akasema, "Umenirudishia dunia, mpenzi wangu."

Ruqaya alisimama palepale na bisibisi mkononi. Akamuuliza, samahani, anatoka upande gani wa Uingereza. Kaskazini, bibi alisema, Yorkshire, mkoa wa Hull. Na huko, Ruqaya akauliza, watu huitana hivyo? Bibi alishangaa kidogo, kisha akacheka. Alisema kwao humwita hivyo dereva wa basi, na muuza samaki, hata polisi anayekuandikia faini. Neno lenyewe halina maana kubwa, alisema, ila siku nyengine linafaa.

Alipotoka, Peninah alimkuta Ruqaya kwenye chumba cha kupimia, uso ameuficha kwenye shela. Ndipo alipoambiwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haki ya Mungu, Ruqaya," alisema. "Umeacha mwanamume kwa sababu ya mama wa kantini? Hukumuuliza hata swali moja?"

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza moja. Kisha ukajijibu mengine yote mwenyewe. Shika simu."

Alishika simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akapiga. Simu ya Suud ilikuwa imezimwa. Akapiga alasiri, ikawa vilevile, na jioni vilevile. Akalala akiamini kwamba amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe na mwenziwe amekubali.

Kumbe Suud alikuwa angani. Asubuhi, Bi Hamdiya akiwa anapika biriani ya Ijumaa, hodi ikapigwa, na mlangoni akasimama Bi Kheiria na nyuma yake mwanawe, kanzu imekunjamana kwa safari, ndevu hazijachongwa, kofia imekaa upande. Bi Hamdiya aliwatazama mmoja mmoja, akampokea Bi Kheiria buibui lake, akamvuta jikoni. Mlango wa baraza akauacha wazi.

Ruqaya alitoka chumbani na dera lake la nyumbani na shela ya haraka haraka. Walikaa barazani mbali mbali, kila mmoja kwenye ukuta wake.

"Sikuja kukulazimisha," Suud alisema. "Nimekuja nilisikie kwa kinywa chako. Ujumbe sikuufahamu."

Ruqaya akamweleza. Sauti kwenye simu, cha moto, ahsante mpenzi, jikoni kwa mama yake, bibi wa Yorkshire. Alisema yote akitazama zulia, na alikuwa amejitayarisha kuchekwa. Suud hakucheka. Alivua kofia, akaishika mikononi.

"Yule mama ana wajukuu," alisema. "Nilikuwa nikwambie habari zake, lakini sikutaka, kwa sababu si za kuchekesha."

"Nambie."

"Idi yangu ya kwanza kule nilikwenda kazini. Simjui mtu, wapi pengine nitakwenda? Nilivaa kanzu ndani ya koti, nikakaa kantini peke yangu. Akaniuliza mbona leo umependeza. Nikamwambia leo kwetu sikukuu. Akavua aproni, akaja akakaa mezani kwangu mpaka nikamaliza kula. Alisema sikukuu hailiwi peke yake." Aliigeuza kofia mikononi. "Mwaka ule, Ruqaya, yeye ndiye mtu pekee aliyeniita mpenzi. Nilijua anamwita kila mtu. Lakini nilikuwa nakwenda kuchukua chai hata sina kiu."

Ruqaya aliinua macho.

"Nilikuuliza kama uliwahi kulia. Ulinambia raha tupu."

"Niliogopa ukijua hutakuja."

"Na mimi niliposikia raha tupu ndipo nilipoogopa."

Kutoka jikoni zilisikika sufuria, na mama wawili wakizungumza kwa sauti ya chini, sauti ya watu wanaosikiliza huku wanazungumza. Suud akasema ameshaulizia kazi hapa Oman. Ikiwa Ruqaya hataki kuondoka, atarudi yeye. Ruqaya akamuuliza kama anaipenda kazi yake ya Hull. Akasema anaipenda. Na mji? Sasa anaupenda, akasema, lakini ulimchukua muda, na kuna siku bado haupendi.

"Basi nambie mabaya yote," Ruqaya alisema. "Usiache hata moja."

Suud akamwambia. Baridi ya kuta, nguo zisizokauka, jua linalozama watu wako kazini. Majirani wenye adabu ambao huwezi kujua kama wanakupenda. Kuota unazungumza Kiswahili, kisha unaamka huna wa kumwambia sabalkheri. Watu kulitamka jina lako vibaya mpaka ukachoka kuwasahihisha. Na Ruqaya alivyozidi kusikiliza, mabega yake yakazidi kushuka. Kulikuwa na mtu aliyekwisha pita njia ile gizani, na sasa alikuwa anamwonyesha mashimo yalipo.

"Mama yangu je?" aliuliza.

"Anakuja nasi miezi ya joto la huku, na wangu pia. Muscat ikiwaka moto, Hull unavaa sweta. Nishamuuliza mamangu. Kasema atakuja kuona watu wanaopanga foleni."

Hapo Ruqaya alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na chozi moja likamtoka pamoja na kicheko.

"Utanioa?" Suud aliuliza. "Nnakuuliza mwenyewe sasa, si mama."

"Kwa sharti moja. Siku nikikaa kule nikilia, usinambie nitazoea."

"Nikwambie nini?"

"Usinambie kitu. Kaa karibu yangu tu, mpaka nimalize."

Suud aliitikia kwa kichwa.

"Ruqaya," Bi Hamdiya aliita kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu ambaye hakusikia chochote. "Chakula kinapoa. Unakuja, ama vipi?"

Ruqaya alipangusa uso kwa ncha ya shela, akasimama, akamngojea Suud avae kofia yake.

"Tunakuja, mama," alisema.

Kule jikoni mazungumzo yakakatika ghafla. Kisha Bi Kheiria akasikika, polepole, akimwomba Mola ajaalie kheri.