Orodha ya Saa Mbili

Mwaka ule wa 1992 mjini Kolwezi, Zaire, foleni zilirefuka na mikate ikafupika. Tshiela, aliyevaa blauzi ya njano na kitenge kipya, aligeuka kwenye foleni akamwona kijana aliyejizungushia nyaya za kompyuta shingoni.

"Tata, unauzisha nyoka?"

"Nyoka ya ordinateur, mama. Inauma banamuke bazuri tu."

Tshiela akacheka mpaka akapitwa na watu watatu.

Kijana huyo, Kisimba, alikuwa ameajiriwa juzi tu na kampuni ya shaba alikokuwa karani Tshiela. Barua za siri zilikuwa zinaibiwa kwenye kompyuta za ofisi, basi Kisimba akaunganisha mashine zote na chumba kimoja. Kutoka humo aliweza kumfungulia karani yeyote mashine yake, au kumfungia. Kila asubuhi alimpigia Tshiela simu.

"Mupenzi, nikufungulie?"

"Fungua, mi niko na kazi. Na uache kuniangalia mu mashine!"

"Haina macho. Ingekuwa nayo, ningelala humu."

Wajinga wa mapenzi, hawakusikia mji ukioza. Mitaani watu walianza kupiga kelele kwamba wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Tshiela alizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai. Nyumba zikachomwa. Asubuhi moja mkurugenzi akampa Kisimba orodha ya namba za mashine, bila majina: zifungwe kabla ya saa mbili, kwa usalama. Akazifunga. Saa mbili simu ikalia.

"Kisimba, mashine inanikatala. Fungua, mupenzi."

Kisimba hakufungua. Upande wa pili alisikia walinzi wakiingia kumfukuza.

Alimtafuta wiki mbili. Akamkuta kwenye kituo cha treni, kati ya maelfu waliolala kwenye saruji wakisubiri treni ya Kasai, akimpepea mama yake, Kabedi, mwenye homa. Kitenge kilikuwa kimechanika.

"Nikuoe leo," Kisimba alisema. "Utachukua jina yangu, hakuna mutu atakugusa."

"Na mama? Atachukua jina ya nani?"

"Basi nitapanda treni na ninyi."

Tshiela akamtazama sana. "Banasema balikupa namba tu, bila majina. Ulijua yangu iko mule?"

Kisimba angeweza kudanganya. Tshiela mwenyewe alitamani adanganywe.

"Nilijua. Niliogopa."

Treni ikaingia, watu wakaivamia. Wawili hao wakambeba mama, wakampitisha dirishani. Tshiela akapanda. Kisimba naye alipokanyaga ngazi na kushika mlango, Tshiela akambandua vidole kimoja kimoja, huku analia.

"Minakupenda, Kisimba. Lakini siku bakikupa orodha ingine, utaogopa tena. Shuka."

Akashuka.