Jina Lililoitwa Saa Sita

Dosie ilikuwa imelowa. Mwezi wa saba huo, Kalemie haijaona tone la mvua tangu Pentekoste, halafu karatasi za muntu zinachuruzika maji na kunuka matope ya ziwa! Mama Viviane, karani wa biro, yaani ofisi, ya walemavu, aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma, kisha akamtazama Papa Ngoy Cyprien aliyekaa juu ya velo yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono.

"Papa, si ulikuja jana?"

"Jana? Jana nilikuwa nyumbani."

"Ulikuja. Ukatia sahihi hapa. Tena ulikuja kwa miguu, mimi mwenyewe nilikuona ukipanda ngazi. Njo maana dosie imefungwa. Muntu anayetembea hapewi musaada."

Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja. Tangu magunia ya saruji yamwangukie bandarini na kumuulia miguu yote miwili, Cyprien alikuwa anasaka karatasi moja tu, ya ulemavu, ili serikali imsaidie kila mwezi na mke wake Générose aache kuibeba nyumba nzima peke yake. Leo picha si nzuri. Kesho chefu wa biro yuko safarini. Kesho kutwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ana msiba. Na sasa hii!

"Miguu njo hii!" alifoka. "Ishike! Ifinye!"

"Naiona, Papa. Lakini karatasi inasema unatembea. Ungoje madaktari, wanakuja Ijumaa, siku moja tu. Wataita kila jina mara moja. Asiyeitika, mpaka mwaka kesho."

Cyprien alitoa matusi ambayo mwanakwaya kama yeye hapaswi hata kuyajua.

Walipofika nje, Générose alimsogelea sikioni. "Cyprien, siku ile ya kwanza ulinambia waliita jina lako saa sita, na biro ilikuwa tupu. Uliitika?"

"Niliitika. Si ni biro?"

"Yo, mama yangu!" Générose alijishika kichwa.

Kila mutoto aliyelelewa kando ya ziwa anajua hili. Saa sita, jua likiwa utosini, ukisikia jina lako na huoni mdomo uliolitaja, nyamaza. Majini ya ziwani hayana majina, yanatafuta ya kuazima. Lakini biro nayo ina sheria yake: ukichelewa kusema "Présent!", yaani nipo, dosie yako inarudi chini ya rundo. Cyprien alikuwa amefuata sheria ya biro.

Jioni hiyohiyo walikwenda kwa Mama Hortense, mwombezi wa kanisani kwao. Alinusa shati la Cyprien, akarudi nyuma hatua mbili.

"Jini limepata jina lako, linatembea nalo," alinong'ona. "Litaita tena. Ukinyamaza, litakosa pa kukaa, litarudi ziwani. Ukiitika, litachukua kitu chako kingine."

"Na daktari je, akiniita mara ile moja?"

Mama Hortense alifungua Biblia, akaifunga. Aliwaombea, wakaenda zao wamenuna.

Ijumaa kwenye ua wa biro palijaa watu tangu alfajiri: wenye magongo, vipofu, akina mama wamebeba watoto wasioweza kusimama. Walingoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, hakuna aliyetoka kuwaambia lolote, maana wanyonge hawaelezwi kitu, wanangojeshwa tu. Jua likafika utosini. Hapo ndipo Cyprien alipoisikia harufu ile ya matope.

"Ngoy Cyprien!"

Sauti ilitoka ndani, imechoka, haina haraka, sauti ya karani yeyote yule.

"Nyamaza, baba," Générose alisema, akimfinya mumewe begani.

"Na kama ni daktari?"

"Nakuomba, nyamaza!"

Cyprien akauma midomo, na harufu ikazidi, na kila pumzi aliyoivuta ikamkumbusha mara zile kumi na moja, picha na mihuri na rudi kesho, na mwaka mzima mwingine wa kumtazama mke wake akirudi sokoni na shingo imekakamaa kwa mizigo, na pale ndani mtu labda ameshika kalamu, anahesabu moyoni, anakaribia kulikata jina lake, na hasira ikapanda ikaishinda hofu, ikamtoka kinywani kabla hajaizuia:

"Présent!"

Kisha geti nyuma yao likafunguka, akaingia Mama Viviane na madaktari watatu, wamejaa vumbi, orodha ikiwa kwapani mwake.

"Mutusamehe, gari ilitufia njiani. Sasa njo tunaanza kuita." Alimwona Cyprien amekodolea macho mlango wa biro. "Papa Ngoy, unamuitikia nani? Ndani hamuna muntu. Ufunguo ninao mimi."

Cyprien alitaka kuigeuza velo akimbie. Mikono ikabaki mapajani. Aliiamuru tena, akatoka jasho, haikutikisika. Générose akaunyanyua mmoja, akauachia, nao ukaanguka pu!

Na ndani ya biro iliyofungwa, mtu akaanza kupiga makofi, polepole, kama anayejaribu.