Koti la Ishbel

Rafiki yangu Murdo alimwonea wivu mtu aliyekufa miaka mia sita iliyopita. Mkewe, Ishbel, alikuwa akitembeza wageni katika ngome moja ya Uskoti, na kila asubuhi alibisha hodi kwenye chumba cha mnarani kumwomba ruhusa bwana wa kale aliyeuawa humo. Nyumbani alimtaja mno, tena kwa tabasamu.

Wiki tatu baada ya kumzika Ishbel, Murdo alikwenda kuchukua koti la mkewe lililobaki huko mnarani.

"Bisha kwanza, kaka," alisema Senga, aliyefanya kazi na Ishbel. "Yule bwana hapendi wanaume."

"Nimpigie hodi maiti ndipo nichukue koti la mke wangu? Acha utani, Senga."

Ngazi hazikuwa na dirisha. Alipanda akipapasa ukuta. Nyuma ya mlango alisikia viatu vizito vikitembea polepole, na sambamba navyo hatua nyepesi zilizoburuta mguu wa kushoto, kama Ishbel alivyotembea tangu augue.

Murdo akabisha.

Hatua zikakoma. Kikasikika kicheko cha chini cha Ishbel, kile ambacho Murdo aliamini ni chake peke yake, kisha mlango ukakomewa kwa ndani.