Semeni na Mtoto Asiye na Jina

Semeni ana miaka sita. Ana mdogo wake wa siku saba. Mdogo wake hana jina.

Hanyonyi. Halali. Analia tu.
Nga! Nga! Nga!

"Analilia jina," anasema Bibi. "Tumwite majina ya mababu. Akilisikia lake, atanyamaza."

Bibi anainama, anamnong'oneza sikioni.
"Wewe ni Masika? Babu Masika alizaliwa wakati wa mvua."
Nga! Nga! Nga!
Si Masika.

"Wewe ni Hamisi? Babu Hamisi alizaliwa Alhamisi."
Nga! Nga! Nga!
Si Hamisi.

"Wewe ni Sefu? Sefu ni upanga. Ila Babu Sefu alikuwa anaogopa kuku."
Nga! Nga! Nga!
Si Sefu.

Hodi, hodi! Anaingia Mtendaji wa kijiji, na daftari lake kubwa.
"Shikamoo, mama. Leo mwisho wa kuandikisha. Mtoto anaitwa nani?"

"Bado," anasema Bibi.
Mtendaji anaandika: *Bado*.
"Usiandike!"
Mtendaji anatoa rula. Anaikata Bado, taratibu, kwa mstari ulionyooka.

"Niandike nini, basi? Fomu haina nafasi ya kilio."

Maziwa yanalowesha kanga ya Mama. Mtoto hayataki. Sauti yake inakuwa ndogo.
Nga... nga...

"Mama, atapona?"
"Sijui, mwanangu." Mama analia. Semeni naye analia.

Semeni anafuta kamasi.
"Bibi, mababu wamekwisha wote?"
Bibi anatazama ukuta.
"Bibi! Kuna mmoja umemficha!"

"Yupo baba yangu," anasema Bibi polepole. "Aliitwa Mashaka. Mashaka ni shida, mjukuu wangu. Nani ampe mtoto shida?"

"Mbona yeye alipewa?"

"Nzige walikuja. Wakala mahindi. Wakala mtama. Wakala hata nyasi za paa. Siku hiyohiyo akazaliwa. Mama yake akasema, 'Mashaka nimeyaona, na mtoto nimempata.'"

"Akakua?"
"Akakua."
"Akazeeka?"
"Sana. Akaota kipara."
"Basi mwite!"

Bibi anainama. Jina halitoki.
Nga...

Semeni anainama mwenyewe. Anaweka mdomo sikioni.
"Wewe ni Mashaka? Nzige walikula kila kitu. Wewe hawakukula."

Ng...

Kimya.

Mtoto anafungua jicho moja. Anageuza kichwa. Anatafuta ziwa la Mama.
Nyu, nyu, nyu.

"Ananyonya!" anapiga kelele Semeni.
"Shhh!" wanasema wote, hata Mtendaji.

"Mashaka," ananong'ona Mtendaji. "Mama, mna hakika? Wakubwa watauliza."
"Waulize," anasema Mama. "Wewe andika."

Jua limezama. Mashaka amelala, tumbo limejaa. Mama amelala. Bibi amelala, mdomo wazi.

Semeni anabaki macho kidogo. Anasikiliza.
Hakuna anayelia.
Naye analala.